Kiti Kilichokataa Kulala

Saverio Bellantoni alilipwa kwa kulala. Hivyo ndivyo majirani zake wa Kenosha walivyopenda kusema, na kila waliposema alikasirika upya, ingawa ukiyapima maneno yenyewe hawakuwa wamesema uongo. Kazi yake katika kiwanda cha kando ya ziwa ilikuwa kukagua viti vya mbele vya magari ya Rambler. Viti vile vilikuwa na bawaba ya aina yake: ukivuta mkono mdogo ulioko ubavuni, egemeo linalala chali mpaka likutane na kiti cha nyuma, na gari linageuka kitanda. Saverio alivuta, akalaza, akajinyoosha juu yake, akasikiliza kama kuna mlio, kisha akainuka. Kiti kikimridhisha alikipiga kofi la mgongoni na kusema, "Kimepita." Halafu kinaletwa kingine, naye anajilaza tena.

"Mwenzetu leo umechoka sana," rafiki yake Stosh Wrobel alimwambia kila jioni walipokuwa wakitoka getini. "Nenda nyumbani ukafanye kazi kidogo upumzike."

Stosh alikuwa Mpolandi mnene aliyefunga boli na nati upande wa pili wa ukumbi, na alikuwa na ulimi usiojua likizo. Saverio alimpenda kwa sababu hakuwa na jinsi. Walikuwa wakila chakula cha mchana benchi moja tangu vita ya pili ya dunia ilipokwisha.

Kwetu Kenosha gari ni kama ukoo. Jina la Rambler lilianzia kwenye baiskeli, likapewa magari ya kwanza yaliyotoka mjini kwetu mwanzoni mwa karne, likawekwa kabatini miaka mingi wakati magari yetu yakiitwa Nash, kisha likatolewa, likafutwa vumbi na kuanza upya. Kitanda nacho kilizaliwa kwenye Nash, kabla ya vita. Wachuuzi waliozunguka na masanduku ya sampuli walilala humo wakaokoa nauli ya hoteli. Wawindaji walilala humo na mbwa wao. Familia zilivuka jangwa la magharibi watoto wakikoroma nyuma kama wako nyumbani. Na nchi nzima ilikuwa na utani mmoja juu yake, kwamba baba mwenye binti akiona Nash imesimama mlangoni kwake, anatoka nje na bunduki kwanza, maswali baadaye.

Saverio hakuupenda utani huo hata kidogo. "Ni kwa ajili ya wasafiri waliochoka," alikuwa akisema.

"Wamechoka kabla au baada?" Stosh aliuliza.

Sasa, Saverio alikuwa na binti. Alikuwa na binti mmoja tu, Filomena, ambaye mtaa mzima ulimwita Mena, na kama kuna kitu duniani Saverio alikiogopa kuliko kiwanda kufungwa, ni siku Mena atakapopanda gari la mwanamume na kuondoka. Kwa hiyo mwaka wa hamsini na nane, Mena alipokutana na kijana kwenye karamu ya samaki na densi ya Ijumaa ukumbini kanisani, na kijana huyo akaja kumchukua Jumamosi, Saverio alikuwa amesimama dirishani tangu saa sita mchana, pazia limemfunika nusu ya uso.

Kijana aliitwa Norbert Huebner. Alikuwa mtoto wa wafugaji wa ng'ombe kutoka magharibi ya kaunti, mrefu, mashavu mekundu, na alikuja na Ford ya kubebea mizigo, iliyonukia maziwa, akaiegesha mbele ya mlango kabisa. Mtaa ule kila nyumba ilikula kwa Rambler. Wanawake wawili waliokuwa wakifagia vibaraza vyao waliacha kufagia.

Saverio alitoka. Hakumsalimia kijana, alilisalimia gari kwa macho, kutoka taa hadi nyuma, polepole, kama daktari aliyeletewa habari mbaya.

"Wewe kijana, unafanya kazi wapi?"

"Shambani kwa baba yangu, Bwana Bellantoni."

"Na ng'ombe wako angekunywa maziwa ya jirani, ungefurahi?"

Norbert alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, jambo ambalo familia ya Bellantoni haikuwa imelizoea. "Ningemuuliza kwa nini," akasema.

"Basi na mimi nauliza. Binti yangu hapandi gari ambalo halikutengenezwa na mikono ya mji huu. Nenda, siku ukipata gari la heshima, rudi."

Mena alilia chumbani, akabamiza mlango, akaufungua ili aubamize tena. Mama yake, Assunta, alikuwa jikoni akikanda unga, na alizungumza bila kugeuka. "Haya, umemfukuza. Roho yako imetulia sasa?"

"Sijamfukuza. Nimempa sharti."

"Angalia asije akalitimiza, Baba Mena."

Saverio alicheka. Mfugaji gani atauza gari lake la maziwa kwa ajili ya msichana aliyecheza naye densi mara mbili?

Norbert aliuza. Baba yake alimnunia mwezi mzima, lakini aliuza, na Jumapili moja baada ya misa akaingia mtaani na Rambler ya kijani na nyeupe inayong'aa hadi watoto wakaacha mpira. Aliiegesha mahali palepale. Wale wanawake wa vibarazani walipiga makofi. Saverio alihisi kifua kinamjaa. Kijana alikuwa amesikia, ametii, ametumia akiba yake yote kwa heshima ya mji huu na ya kiwanda hiki. Hata mkono alimnyooshea.

"Hili ndilo gari, mwanangu," akasema.

Norbert aliona haya kwa furaha. "Nilisikia kazi yako ni viti. Wauzaji walikuwa na ya kawaida, ya bei ndogo. Nikawaambia hapana, nataka yenye viti vya Bwana Bellantoni." Akafungua mlango, akavuta ule mkono mdogo, na egemeo likalala chali taratibu bila mlio wowote, kwa ustadi ambao Saverio aliujua kuliko mtu yeyote duniani, kwa kuwa ulikuwa wake.

Mwanamke mmoja alijifanya anakohoa.

Maji yalimfika Saverio shingoni. Akisema gari halifai, amekitukana kiwanda, amejitukana mwenyewe, na amekula maneno yake mbele ya jirani zake. Akisema linafaa, amemkabidhi Mena kwenye kitanda chenye magurudumu manne, kilichokaguliwa na kupitishwa na baba yake mzazi. Alimtazama Norbert kutafuta ujanja usoni mwake, hakuuona. Kijana alikuwa anangoja kusifiwa, basi.

"Kiti kina mlio," Saverio alisema.

"Mimi sijausikia."

"Wewe umesikia ng'ombe tu maisha yako. Niachie gari mpaka jioni."

Alikwenda moja kwa moja kwa Stosh kuomba boli nne nene na nati zake.

"Za nini?" Stosh aliuliza.

"Za kabati."

"Kabati hilo lina rangi ya kijani na nyeupe?"

"Nipe boli, Stosh."

"Lina taa mbele na nyuma? Nauliza tu, nijue nikupe za urefu gani."

Alasiri hiyo Saverio alijifungia gereji. Alitoboa bawaba alizokuwa amezipitisha mwenyewe, akapenyeza boli, mbili kila kiti, akazikaza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, kisha akarudisha kitambaa mahali pake kwa uzuri kiasi kwamba mkaguzi yeyote asingeona kitu. Aliona aibu. Lazima niseme hivyo kwa haki yake: alipomaliza alikaa chini kwenye sakafu, akaliangalia gari, na akalihurumia kama mtu aliyemfunga farasi mzuri miguu.

Jioni Norbert aliingia, akavuta mkono. Egemeo halikutikisika. Akamtazama Saverio, akautazama mkono, akauachia.

"Kimekuwa imara," akasema.

"Imara kabisa," akajibu Saverio, na wote wawili wakatazama ziwani.

Miezi ikapita. Mena na Norbert walikwenda sinema ya kutazamia ndani ya gari wakiwa wameketi wima kama majaji. Norbert aliacha shamba kwa kaka yake, akaajiriwa kiwandani upande wa rangi. Juni iliyofuata wakafunga ndoa, wakala, wakacheza, Stosh akaanguka na meza. Asubuhi yake maharusi wakaondoka na Rambler kwenda kwenye maziwa ya kaskazini, huku Saverio akipunga mkono kibarazani na kitu kikimkwaruza rohoni.

Boli zilikuwa bado zimo. Alikuwa amepanga kuzitoa kabla ya harusi, lakini alikosa nafasi, na baadaye alikosa maneno. Hebu fikiria mwenyewe: unamgongea mkwe wako mlango, spana mkononi, unamwambia nini? Kwamba sasa unaruhusiwa kulala?

Walirudi baada ya wiki, Norbert shingo imekakamaa, hawezi kugeuka kushoto. Mena alieleza mezani kwamba walipotea msituni usiku wa kwanza, hoteli hawakuiona, wakalala garini wameketi. "Ajabu, Baba, kile kiti hakishuki. Si nyinyi mnakitangaza kwenye magazeti kwamba kinakuwa kitanda?"

"Baridi inabana vyuma," Saverio alisema.

"Mwezi wa sita?"

Assunta alimtazama mumewe kwa muda mrefu, kisha akampa Norbert nyama zaidi. Norbert alikula.

Wenzi hao walihamia ghorofa ya juu ya nyumba ileile, na mimba ikaja haraka. Majirani walihesabu kwa vidole, wakahesabu tena, wakakosa la kusema. Kila siku Saverio alijiambia kesho atashuka gereji akazitoe boli, na kila kesho ilikuwa na sababu yake. Alikuwa ameogopa kumpoteza Mena, na Mena alikuwa hapo juu ya kichwa chake akiburuta viti, anamsikia. Kilichobaki sasa kilikuwa aibu tu.

Jumapili moja ya Machi wazazi wa Norbert waliwaalika wote shambani, wakala nguruwe na kabeji chachu mpaka pumzi ikawa shida. Mtoto alitarajiwa baada ya wiki mbili. Walipoondoka alasiri theluji ilikuwa imeanza, ya kawaida tu, halafu upepo ukageuka. Katikati ya mashamba barabara ikapotea. Norbert alikuwa kwenye usukani, Saverio pembeni yake, na kina mama nyuma. Rambler ikateleza, ikapanda tuta la theluji kwa upole, ikakaa. Hapo ndipo Mena alipomshika mama yake mkono na kusema kwa sauti ambayo Saverio hakuwahi kuisikia kwake, "Mama, chupa ya uzazi imepasuka."

Norbert alichimba theluji kwa mikono. Tairi zilizunguka bure. Ndani, Mena alikuwa amejikunja kwenye kona ya kiti cha nyuma, goti moja limebana mlango, jasho linamtiririka. Assunta, aliyekuwa amewazalisha dada zake wawili, alikuwa amevua koti na kukunja mikono.

"Hawezi kuzaa amekunjwa hivi," akasema. "Mtoto atabanwa. Ninahitaji alale. Saverio, laza hicho kiti."

Saverio alikuwa amekikalia. Aliuvuta mkono wa kiti, kwa ajili ya kuonekana tu.

"Baba Mena, laza kiti. Ndiyo kazi yako, au si kazi yako?"

"Hakilali." Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Nilikifunga. Nilikitia boli, siku ile ya kwanza. Mungu wangu, Assunta, nilikitia boli na sina kitu cha kufungulia."

Mena alipiga kelele, sehemu ya uchungu na sehemu ya hasira. Assunta alisema maneno ya kijijini kwao Calabria, ng'ambo ya bahari, ambayo siwezi kuyaandika. Saverio alishika egemeo kwa mikono miwili, akalivuta, akalitikisa, machozi yanamtoka. Alikuwa ameifanya kazi nzuri mno. Binti yake alikuwa anateseka hatua moja kutoka kwake, na kilichomtesa kilikuwa kimefungwa na mkono wa baba yake.

Mlango wa dereva ulifunguliwa. Norbert aliingia na theluji yake, akainama, akapeleka mkono chini kabisa ya kiti chake mwenyewe, akatoa kitambaa kilichoviringishwa. Ndani ya kitambaa mlikuwa na spana, safi, imepakwa mafuta, na ilikuwa ya ukubwa uleule wa zile boli.

Saverio aliitazama. "Ulijua?"

"Tangu wiki ya kwanza, Baba. Nimekulia shambani. Najua kiti chenye mlio na kiti chenye boli."

"Na spana unatembea nayo."

"Tangu wiki hiyohiyo."

"Na hata safari ile ya harusi? Shingo ile?"

Norbert akafuta theluji kwenye nyusi. "Wewe ndiye uliyezifunga. Niliona si mahali pangu kuzifungua."

"Mtazungumza mbinguni!" Assunta alifoka. "Boli!"

Norbert alikuwa tayari ameinama, lakini Saverio alimnyang'anya spana. "Nipe. Nilizifunga mimi." Akapiga magoti kwenye theluji nje ya mlango, akachana kitambaa alichokishona kwa uzuri, akaipata boli ya kwanza. Iligoma. Alijikaza mpaka akahisi bega linalia, ikakubali. Ya pili ikafuata. Akavuta mkono mdogo, na egemeo likalala chali taratibu bila mlio, likakutana na kiti cha nyuma, na Mena akanyooka juu yake na kuvuta pumzi ndefu hata kioo kikaingia ukungu.

Msichana alizaliwa kabla gari la kuondolea theluji halijafika, injini ikinguruma ili hita isizimike, baba na babu wakiwa wamesimama nje migongo yao imeuziba upepo wa mlangoni. Walipomsikia analia, wazee wawili hao, maana saa ile hata Norbert alionekana mzee, walikumbatiana wakalia bila kujificha. Assunta alimpa mtoto jina la Nives, kwa heshima ya Bikira wa Theluji wa kijijini kwao. Bibi wa upande wa pili alilitamka vibaya mpaka alipofariki.

Saverio alizitia boli mfukoni. Za upande wa dereva alizitoa kesho yake mchana kweupe, mlango wa gereji wazi, ili kila mtu aone. Kiwandani Stosh aliuliza kama kabati limepona. Saverio akamwambia kabati limezaa.

Rambler ile haikuuzwa. Jina lenyewe lilikuja kuondolewa kwenye magari, kiwanda kikahamia kwenye majina mengine na maumbo mengine, hata tukatengeneza gari moja lenye vioo vingi kama tangi la samaki, na Saverio akastaafu. Gari la kijani na nyeupe lilibaki gereji, linaoshwa Jumamosi, linawashwa Jumapili. Nives alijifunzia kuendesha humo.

Alipotimiza miaka kumi na sita alitangaza mezani kwamba Jumamosi anakwenda sinema na kijana wa darasani kwake. Kijana ana gari, ila ni dogo la Kijapani, na kwa kuwa anajua huu ni mtaa gani, ataliacha mbali aje kwa miguu. "Kwa hiyo tutachukua Rambler," Nives akasema. "Babu, si utafurahi?"

"Nitafurahi sana," akasema Saverio.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana alingoja Assunta asinzie, akachukua kopo la tumbaku lililokuwa juu ya kabati, akashuka ngazi kwa uangalifu wa magoti ya miaka sabini, akaingia gereji kwa mlango wa pembeni. Mlango wa gari ulikuwa wazi. Miguu miwili mirefu ilikuwa imetokeza nje.

"Norbert."

Miguu ikatulia. "Baba."

"Unafanya nini humo?"

"Kiti kina mlio."

Saverio alivuta kreti, akaketi. Alifurahi hivi kwamba ilibidi auangalie ukuta kwanza. "Umeshafika wapi?"

"Upande huu nimemaliza. Wa dereva sina boli za kutosha."

Saverio alifungua kopo. Zilikuwa zimo zote nne, zimepakwa mafuta, hazina kutu. Alichagua mbili, akampa mkwe wake, akamshikia tochi wakati anazikaza, na mara moja tu alisema, "Zungusha tena kidogo," na Norbert akazungusha tena kidogo. Kisha Norbert akaifuta spana, akaiviringisha kwenye kitambaa chake cha zamani, akairudisha chini ya kiti cha dereva.

"Ee, unaiacha humo?" Saverio alishtuka. "Nives ana akili. Ataiona."

"Ameshaiona. Yeye ndiye anayefagia gari."

"Basi itoe!"

"Mimi nilikuwa nayo, Baba, na Mena alikuwa pembeni yangu."

"Wewe nilikuja kukujua. Kijana huyu simjui."

"Mimi pia simjui," Norbert akasema. "Nives ninamjua."

Saverio alikaa na tochi yake inayomulika hewa. Kutoka juu alisikia hatua za mjukuu wake, huku na huku, akitafuta viatu. Alimsikiliza mpaka akavipata. Halafu akainuka, akaegemea ndani ya gari, akasukuma egemeo kwa kiganja kama alivyofanya maisha yake yote, akasikiliza. Halikutikisika.

Akalipiga kofi. "Kimepita," akasema, na spana akaiacha palepale.